Dakika Tisa Nilizozikata

Kwa siku nne nilikaa na simu iliyozimwa mtandao, na kwa kazi yangu hiyo ni sawa na kufunga duka. Wateja walinitumia picha za wazee wao, zisifike. Mwalimu mmoja mstaafu alipanda ngazi zote mpaka ghorofa ya pili, akahema mlangoni, akauliza kama bado niko hai. Nikamwambia simu inasumbua. Akasema, "Basi itupe, mwanangu, magoti yangu hayana vipuri," akashuka zake.

Simu ilikuwa nzima kabisa. Mgonjwa nilikuwa mimi. Chakula hakishuki, usingizi wa kuibia, na kila nikisikia hatua kwenye ngazi moyo unanipasuka, nikidhani ni yeye. Halafu nikiona si yeye, naumia pia. Mapenzi hayana akili, nani asiyejua hilo.

Kazi yangu ni kuandika historia za familia. Nakaa na wazee wako, nawauliza nani alimzaa nani, nani alihamia wapi na kwa nini alihama kwa haraka vile, halafu nakutolea kitabu cha jalada gumu. Koo zenye masikilizano huchapisha kimoja. Koo zenye ugomvi huchapisha viwili, kila upande na wake, na mimi nalipwa kote kote bila kuuliza maswali. Nina chumba kimoja juu ya duka la fotokopi, meza mbili, skana ya kunakilia picha, na makabati yenye sauti za marehemu wengi kuliko makaburi ya mtaa huu.

Na nilikuwa na mchumba. Ni mpima ardhi, na watu wote wanamwita Mpimaji, hata mama yake siku akiwa na furaha naye. Mimi ananiita Karani. Alikuja kwangu mara ya kwanza na barua za marehemu baba yake ndani ya mfuko wa plastiki, akitaka zitolewe nakala. Ilikuwa kazi ya wiki moja. Ilichukua miezi mitatu, kwa sababu kila nilipomaliza barua alikuja kuisoma pale pale mezani kwangu, na mimi sikumharakisha. Alikuwa akifika kwenye mstari unaomgusa, ananyamaza, anainua macho, ananitazama kama anayeuliza njia. Nilikuwa nasahau hata jina la duka lililo chini yangu.

Sasa zilikuwa zimebaki wiki sita tufunge ndoa, na Mpimaji alitaka siku hiyo hiyo kitabu cha ukoo wao kitoke. Hapo ndipo tulipoanza kuvutana juu ya vifaa.

"Hiki kinasa sauti chako kina umri gani?" aliniuliza siku moja, amekishika kwa vidole viwili.

"Kimekuzidi adabu. Chenyewe husikiliza mpaka mwisho."

"Karani, betri zake hata dukani hawazijui tena. Ngoja nikuwekee programu kwenye simu. Unarekodi, na sauti ikipata mtandao tu inajipeleka yenyewe kwenye kundi la familia. Binamu zangu walioko mbali wanasikia siku hiyo hiyo."

"Kundi lina watu wangapi?"

"Arobaini na watatu."

"Mimi nawaogopa watu arobaini na watatu. Mimi nataka daftari, kalamu, na muda wa kusikiliza mara mbili kabla mtu mwingine hajasikia."

"Daftari likiungua?"

"Na simu ikiropoka?"

Alicheka, akanibusu kwenye paji la uso, akaiweka programu. Ndiyo tabia yangu, nikibusiwa nakubali mambo.

Katika kazi hii kuna ujuzi mmoja ambao hakuna aliyenifundisha. Ukitaka mzee aseme lililo moyoni, mwambie tumemaliza. Funga daftari, funika kalamu, omba maji ya kunywa. Lakini usizime mashine. Mtu akishajua maswali yamekwisha, ndipo anapokumbuka. Baadaye namsikilizisha na kumwomba ruhusa, na wengi hukubali. Nimepata mambo mazuri sana kwa njia hiyo, na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka Jumatano ile.

Jumatano nilikuwa kwa mama yake Mpimaji. Mama hakunipenda tangu posa. Alisema mbele ya wajumbe, bila kupepesa macho, kwamba hana shida na mimi ila na kazi yangu, kwamba binti anayelipwa kuchokonoa ya watu hataacha ya mumewe. Wajumbe wakainamia vikombe. Kwa hiyo siku ya mahojiano nilijitahidi nionekane mkwe. Mama alinisimulia vizuri kuzaliwa kwa mwanawe wa pekee, uchungu ulivyomshika, mvua ilivyonyesha. Mdogo wake, ambaye sote tunamwita Mama Mdogo, mshonaji anayeishi chumba cha uani, alikaa pembeni akifumua pindo la sketi. Hakusema kitu. Nilipomaliza nikasema, "Tumemaliza, Mama," nikaacha simu juu ya meza, nikabeba vikombe kwenda jikoni. Niliosha vyote, hata vilivyokuwa safi, ili ionekane nina mikono.

Usiku huo nilivaa spika za masikioni nikasikiliza. Baada ya mlio wa vikombe nikaisikia sauti ya Mama ikiuliza, "Ameenda?"

"Yuko jikoni," akajibu Mama Mdogo.

"Mbona ulikuwa umenuna?"

"Ulitaka nifanye nini, dada? Umeusimulia uchungu wangu mbele yangu. Hata ile mvua, mimi ndiye niliyeisikia ikigonga bati. Wewe siku ile hukuwapo."

Halafu Mama, kwa sauti ya chini: "Kulea mimba si kazi. Kazi kulea mwana."

"Sijasema hukumlea. Miaka thelathini na minne nakaa uani naitwa Mama Mdogo, umewahi kunisikia nalalamika? Lakini leo ulipofika kwenye uchungu ungeruka tu. Ungesema, nikampata mtoto, basi. Ungeniachia hata hicho."

Yaliendelea hivyo dakika tisa, wanawake wawili wakilia bila kupandisha sauti, na mimi jikoni nikisugua vikombe.

Niliposikia nililia, halafu nikashikwa na hofu. Kwenye kioo cha simu palikuwa na maneno mawili chini ya sauti ile: inasubiri mtandao. Kwa bahati nyumbani kwa Mama mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na tangu nitoke sikuwa nimenunua bando. Nilizima kila kinachozimika. Nikaihamishia sauti kwenye kompyuta kwa waya, nikatoa nakala, nikakata mwisho wake, nikampa Mpimaji hiyo nakala kwenye flashi. Ile nzima ilibaki kwenye simu. Nilijaribu kuifuta mara nne. Kidole kilikuwa kinafika pale, kinagoma. Sijawahi kufuta sauti ya mtu mzima, hata ya aliyenitukana. Na hata ningeifuta, masikio yangu ningeyafuta na nini?

Jumapili asubuhi hatua za kwenye ngazi zikawa zake kweli. Aliingia na buti zake za shambani, akavuta kiti cha wateja badala ya kukaa ukingoni mwa meza yangu kama siku zote. Nikajua kuna jambo.

"Umekonda," alisema.

"Ni kazi."

"Simu hupokei."

"Inasumbua."

"Lete niitazame."

"Nitampa fundi."

Alinitazama. Mpimaji hana macho makali, ana macho ya subira, na hayo ndiyo mabaya zaidi kwa mtu mwenye siri. Akatoa flashi mfukoni, akaiweka mezani taratibu.

"Karani, sauti ya Mama ina dakika ngapi?"

"Si unayo wewe?"

"Thelathini na mbili." Akanyoosha mkono, akafungua daftari langu ukurasa wa Jumatano. "Hapa umeandika kwa mwandiko wako. Mwanzo, saa nne na dakika tano. Mwisho, saa nne na dakika arobaini na sita. Mimi nimejumlisha na kutoa mpaka nimechoka. Dakika tisa hazipo."

Wanawake wenzangu, mkitaka kuficha kitu msiolewe na mtu wa vipimo.

"Nilisahau kuzima. Ni kelele za vikombe tu."

"Wewe hujawahi kukata hata kikohozi. Kwenye sauti ya baba mkubwa umeacha jogoo akawika mara saba. Nilikuuliza, ukanijibu kwamba jogoo naye ni wa familia."

Akasogeza kiti karibu, magoti yake yakagusa yangu, akanishika vidole. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nilitamani nilaze kichwa kwenye bega lake, nimwambie yote, nilale hapo hapo siku tatu.

"Mama amekusema vibaya?" aliuliza. "Niambie tu. Namjua Mama. Nitazungumza naye, na sitamwambia nimelisikia kwako."

Huo ndio ulikuwa mlango wa kutokea. Ningeitikia kwa kichwa tu, ningekuwa nimepona. Angemkasirikia mama yake wiki moja, angenionea huruma maisha yote. Nilimtazama yule mwanamume ninayempenda, nikaona sitaweza kumwekea mama yake uongo mdomoni. Ya kweli tu yalikuwa yanamtosha.

"Hakunisema mimi."

"Basi alimsema nani?"

"Siwezi kukwambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Si langu, mpenzi. Naomba uniamini."

"Linanihusu?"

Nilinyamaza. Na yeye, ambaye ananyamaza kwa hiari kila siku, alikijua vizuri kimya cha kulazimishwa. Aliniachia vidole.

"Unajua kazini kwetu dhambi kubwa ni nini?" alisema. "Si kukosea kipimo. Kila mtu hukosea. Ni kung'oa jiwe la mpaka halafu ukasawazisha udongo ili isionekane kwamba lilikuwapo. Mtu wa namna hiyo sijawahi kufanya naye kazi mara ya pili. Nipe simu."

Niliifunika kwa kiganja. Ndicho kiganja chenye pete, na wote wawili tuliiona pete ile juu ya simu ile. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Sawa," alisema, akasimama. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nina kiwanja cha kupima, wananisubiri. Nikimaliza, kwenye saa nane hivi, nitapita kwa Mama. Atanieleza yeye."

"Usimuulize hivyo, ukiwa na hasira."

"Sina hasira, Karani. Naogopa. Kuna tofauti."

Alishuka ngazi. Sikumfuata, kwa sababu ningemfuata ningesema. Nilisimama dirishani nikamwona akivuka barabara bila kutazama huku wala huku, yeye ambaye hunishika mkono hata kwenye kichochoro. Hapo ndipo nilipopiga moyo konde. Nikatia daftari kwenye mkoba, nikachukua simu, nikafunga chumba, nikaenda kwa Mama.

Niliwakuta wote wawili sebuleni. Mama alikuwa anapiga pasi mashuka. Mama Mdogo alikuwa ameleta cherehani ndani kwa ajili ya mwanga, anashona mikono ya sare za shule.

"Shikamoo Mama. Shikamoo Mama Mdogo."

"Marahaba," alijibu Mama. "Leo si siku ya maswali, au nimesahau?"

"Sina maswali. Nimekuja kurudisha kitu."

Niliweka simu juu ya meza. Sikukaa, kwa sababu sikukaribishwa.

"Jumatano, nilipokwenda kuosha vikombe, simu hii ilikuwa bado inarekodi. Nina desturi hiyo katika kazi, na kwenu nimeitumia vibaya kwa sababu sikuwaambia. Nimeyasikia mliyosema. Naomba mnisamehe."

Cherehani ilikuwa inaenda, ikasimama. Mama aliiweka pasi wima, akachomoa waya ukutani, akaukunja vizuri. Nadhani alihitaji mikono yake iwe na kazi.

"Nani mwingine amesikia?" aliuliza.

"Hakuna."

"Na kundi la familia?"

"Nilizima mtandao siku hiyo hiyo. Haijatoka."

Akanigeukia. Sikuwahi kuuona uso wa Mama ukiwa na hofu, na sikuupenda.

"Kwa hiyo umenishika. Nilikukataa mbele ya wajumbe, sasa umepata kamba ya kunifunga nayo. Haya, sema unachotaka. Unataka nisimame siku ya harusi nikusifu?"

"Sitaki kitu, Mama."

"Kila mtu ana anachotaka."

"Namtaka mwanao. Lakini kwa njia hii sitampata." Niliivua pete, nikaiweka kando ya simu. Ilinipa taabu kidogo kwenye kifundo, vidole vilikuwa vimevimba kwa kukosa usingizi. "Simu hiyo hapo. Mkitaka kufuta, futeni wenyewe, mimi nitakwenda na siri yenu kaburini na sitamwambia mtu. Ila sitaolewa naye. Siwezi kula naye meza moja miaka arobaini, kila akisema Mama Mdogo nipitishie chumvi, mimi nainamisha macho. Atagundua. Ameshagundua dakika tisa kwenye daftari, atashindwa kugundua uso wa mkewe?"

"Ungemwacha kwa ajili yetu?" Ni Mama Mdogo aliyeuliza, na ilikuwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Nitamwacha kwa ajili yangu. Mimi si mwongo mzuri, Mama Mdogo. Ninyi mmeweza kwa sababu mlikuwa wawili."

Hapo nililia. Sikupanga kulia, nilikuwa nimejiapiza njia nzima kwamba sitalia, lakini siku nne zote zilishuka kwa pamoja. Mama alinitazama hivi, halafu akanisogezea kiti kwa mguu. Nikakaa.

"Anajua nini?" aliuliza Mama.

"Anajua kuna kitu kimekatwa. Alisema atakuja saa nane kukuuliza wewe."

Wote tulitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na dakika kumi. Mama akasema tuna muda wa kupanga maneno. Akaanza kuyapanga: tutasema ni mambo ya urithi wa babu, tutasema ni ugonjwa wangu wa zamani, wewe mdogo wangu utaitikia. Alikuwa anazunguka meza akikunja na kukunjua shuka lile lile. Mama Mdogo hakuitikia. Alikuwa anakata uzi, akichomoa sindano, akifunika cherehani kwa kitambaa chake.

Geti likalia. Buti nzito uani.

"Mwenye kiwanja hakutokea," alisema Mpimaji mlangoni, kisha akaniona. Akaona simu. Halafu akaiona pete juu ya meza, peke yake. Alisimama pale pale na udongo wake miguuni, na Mama, ambaye kwa miaka yote amemgombeza kwa buti hizo, hakusema neno.

"Kwa hiyo yamefikia huku," alisema, akinitazama mimi tu.

"Mwanangu," Mama alianza, "ni jambo dogo, la babu yenu, lile shamba la..."

"Dada, kaa," alisema Mama Mdogo.

Hakupandisha sauti. Ila nadhani katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumsikia akimwambia dada yake kaa. Mama alikaa, shuka mapajani.

Mama Mdogo aliichukua simu, akanipa.

"Washa. Nikishasema mara moja sitaweza kurudia, na mtu atakuja kutaka kujua. Na uniulize."

"Nikuulize nini, Mama Mdogo?"

"Unavyowauliza wengine wote. Usinionee huruma. Nikionewa huruma nitanyamaza tena, najijua."

Nikawasha. Nilibonyeza mara mbili. Kwa kila mzee ninaanza na swali moja, la kumpa mtu nafasi ya kuizoea sauti yake, na watu hulijibu bila kufikiri.

"Tafadhali tuambie wewe ni nani katika familia hii."

Alimtazama Mpimaji, si mimi.

"Mimi ndiye niliyekuzaa," alisema.

Nilikuwa namtazama Mpimaji, na nilimwona akijaribu kuyaelewa maneno hayo moja moja.

"Nilikuwa najifunza ushonaji. Aliyenipa mimba alihama mji nilipomwambia, na simtafuti, usimtafute kwa ajili yangu. Dada alikuwa na mume na nyumba, na miaka sita alikuwa anaomba mtoto. Baba yako marehemu alikuwa amehamishiwa kazi mbali. Walikwenda wawili, wakarudi watatu. Ndivyo tulivyowaambia watu. Nilikubali, hakuna aliyenilazimisha. Nikaomba jambo moja tu, nikae karibu."

Mpimaji alivuta kiti. Alikaa taratibu, akiushika ukingo wa meza.

"Nilikuwa na umri gani uliponitoa?"

"Siku kumi na moja."

"Nilikuwa nalia?"

"Ulikuwa umelala. Nilisubiri ulale."

Aliinama, akaziba uso kwa viganja vyote viwili, na mabega yake yakatikisika. Mama Mdogo alinyanyua mkono kumgusa, akaurudisha mapajani. Nilitaka kumkimbilia, nikakumbuka sina pete.

Alipoinua uso alinigeukia mimi.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumatano usiku."

"Siku nne." Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Ungekuwa mke wangu bila kuniambia?"

"Nisingekuwa mke wako. Ndiyo maana hiyo iko mezani."

Aliitazama pete muda mrefu. Sijui alikuwa anapima nini. Halafu akaisukuma kwa kidole kimoja, ikateleza juu ya meza mpaka ikagusa mkono wangu.

"Ivae, Karani. Siwezi kupoteza kila mtu kwa siku moja. Tutagombana baadaye, nina mengi ya kukwambia."

"Nitayasikia yote," nikasema, na nikaivaa.

Shuka lile la pasi lilikuwa limejikunja lote mikononi mwa Mama. Alipozungumza hakumtazama mtu, alizungumza na ile simu iliyokuwa bado inahesabu.

"Na mimi?" aliuliza. "Nilikesha na surua yake. Nilimpeleka shule siku ya kwanza akanishika sketi. Katika hicho kitabu chenu mimi sasa mtaniandika nani?"

Mama Mdogo aliinamisha kichwa. Mimi nilitazama daftari lililokuwa kwenye mkoba wangu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikujua kalamu ningeishusha wapi.

Mpimaji alijifuta macho kwa mkono wa shati lake lenye udongo.

"Mama," aliita.

Wakaitika wote wawili.